Binadamu kwa Mwili, Mnyama kwa Nafsi

Theriani ni mtu anayejijua kuwa binadamu na, papo hapo, anayeshikilia kwamba sehemu fulani ya nafsi yake ni ya mnyama: mbwa mwitu, mbweha, chui, paka, kunguru. Adhakini ni jina pana zaidi. Linawachukua pia wale wanaojiona kuwa na sehemu ya kiumbe cha masimulizi, kama joka, au elvi, wale viumbe wa misituni wa ngano za Ulaya ya Kaskazini. Makundi haya yalichipuka Marekani katika robo ya mwisho ya karne ya 20, yakakua kwa njia ya intaneti, na leo yana watu katika nchi nyingi za Magharibi na nje yake.

Kwa kusikia mara ya kwanza, dai lao linajipinga: kiumbe hawezi kuwa binadamu na asiwe binadamu kwa wakati mmoja. Likichambuliwa, mgongano huo huyeyuka, kwa kuwa theriani wa kawaida hakatai ubinadamu wa mwili wake, wala wa cheti chake cha kuzaliwa, wala wa wajibu wake kwa wenzake. Anachosema ni kwamba ubinadamu huo hautoshi kueleza yote anayoyahisi ndani. Ugumu uko kwingine, nao ni wa mamlaka: nani anaweza kulithibitisha dai la aina hiyo, na kwa kipimo gani?

Kinachodaiwa

Maelezo ya wenyewe kuhusu asili ya hali yao yanagawanyika katika mikondo miwili mikuu. Wa kwanza ni wa kiroho. Wapo wanaoamini kwamba waliwahi kuishi wakiwa wanyama kabla ya kuzaliwa upya, wengine kwamba roho ya mnyama iliingia katika mwili wa mtu, na wengine kwamba roho yao ni mchanganyiko tangu mwanzo. Mkondo wa pili ni wa kisaikolojia. Wafuasi wake hawazungumzii roho kabisa. Wanasema ubongo wao umejengeka kwa namna inayofanya taswira ya nafsi iwe na sura ya mnyama, ama kwa kuzaliwa, ama kutokana na mambo yaliyowagusa sana utotoni. Wengi huchanganya mikondo yote miwili, na wapo wanaokataa kueleza chanzo wakisema wanajua wanachohisi, si kilikotoka.

Kinachowaunganisha ni uzoefu, hasa ule unaoweza kuitwa mhamo: kipindi ambacho upande wa mnyama huwa na nguvu kuliko kawaida. Mhamo wa akili hubadilisha namna ya kufikiri na kuhisi. Maneno hupungua, harufu na sauti hushika nafasi ya mbele, na hamu ya kukimbia au kujificha huongezeka. Mhamo wa viungo humfanya mtu ahisi mkia, masikio yaliyosimama au mabawa mahali ambapo mkono ukipapasa haupati kitu. Kuna pia mihamo ya ndotoni. Nguvu yake hutofautiana: kwa baadhi ya watu huja na kuondoka, kwa wengine upande wa mnyama hauna kilele wala bonde, upo wakati wote kwa kiwango kilekile.

Jambo moja linakubaliwa karibu na wote, nalo ni kwamba mwili haugeuki. Anayedai kwamba usiku huota manyoya na kutembea kwa miguu minne ya kweli huhesabiwa miongoni mwao kuwa mwongo au mtu anayehitaji msaada. Msimamo huo ni wa msingi katika kulielewa kundi hili, kwa sababu unaonyesha kwamba neno "ni" katika sentensi "mimi ni mbwa mwitu" halibebi madai ya elimu ya viumbe. Linabeba madai kuhusu nafsi.

Anayejitambua hivyo kwa kawaida huanza na mashaka, si na tangazo. Kuna kipindi cha kujichunguza ambacho huweza kuchukua miaka, ambapo mtu huweka kumbukumbu za mihamo yake, husoma tabia za mnyama anayemshuku, na hujiuliza kama anachokihisi ni utambulisho, ni mapenzi tu kwa mnyama huyo, au ni hamu ya kukimbia shida za maisha. Wakongwe wa kundi huwahimiza wageni wasiharakishe, na huwatilia shaka wanaobadilisha mnyama kila mwezi.

Historia fupi

Katika miaka ya 1970, wakati dini mpya za kipagani zilipokuwa zikishamiri Marekani, kulikuwa na kikundi kilichojiita Elf Queen's Daughters, ambacho wafuasi wake walijitambulisha kuwa elvi na kusambaza mawazo yao kwa barua. Mwaka 1990 orodha ya barua pepe iliyokusudiwa watu wa namna hiyo ilianzishwa Kentucky. Ilipogundulika kwamba miongoni mwa wanachama walikuwamo wasiojiona kuwa elvi bali viumbe vingine, lilihitajika jina la kuwachukua wote. Ndipo mwaka huohuo likazaliwa jina la adhakini, likimaanisha wale ambao jamaa zao ni wengine.

Matheriani walipita njia nyingine. Mwaka 1992 lilifunguliwa katika mtandao wa Usenet kundi la mjadala lililoitwa alt.horror.werewolves, kwa ajili ya mashabiki wa filamu na hadithi za kutisha za watu wanaogeuka mbwa mwitu. Haukupita muda mrefu wakajitokeza wachangiaji waliosema kwamba kwao jambo hilo si hadithi. Mashabiki na waliojitambua walikaa pamoja kwa mivutano, na mwaka 1994 waliojitambua wakakutana ana kwa ana kwa mara ya kwanza, katika jimbo la Ohio. Mwanzoni walitumia jina la kitabibu la likanthropia. Kwa kuwa jina hilo ni la mbwa mwitu na pia ni la ugonjwa, waliliacha na kushika jina la therianthropia, lililojengwa kwa mizizi ya Kigiriki ya mnyama na mtu. Mwaka 2003 walijitungia alama, herufi za Kigiriki theta na delta zikiwa zimesukwa pamoja.

Wataalamu walichelewa kuwafikia. Mwandishi wa Marekani ajulikanaye kwa jina la Lupa alitoa kitabu cha kwanza kikubwa kuhusu adhakini mwaka 2007, kutoka ndani ya kundi lenyewe. Mwaka 2012 mtaalamu wa dini Joseph Laycock aliandika kwamba kundi hilo si dini kamili lakini linafanya baadhi ya kazi za dini: linatoa maelezo ya asili ya mtu, linatoa jamaa, na linapinga wazo kwamba ulimwengu umekwisha kuelezwa wote. Mwaka uliofuata Danielle Kirby alichapisha utafiti wake juu ya jinsi hadithi za kubuni na teknolojia ya mawasiliano zinavyozaa imani mpya, akiwatumia adhakini kuwa mfano mkuu.

Wanaochanganywa nao

Kundi linalochanganywa mara nyingi na matheriani ni la mafuri. Mafuri ni mashabiki wa wahusika wanyama wanaosema, kuvaa na kutenda kama watu, kama wale wa katuni. Wana sanaa yao, mavazi ya gharama kubwa, na makongamano yaliyoanza Kusini mwa California mwaka 1989. Furi huchagua mhusika, humchora na humvaa kama msanii avaavyo uhusika jukwaani, na onyesho likiisha huvua vazi na kwenda zake. Theriani husema hakuchagua chochote na hana cha kuvua. Baadhi ya watu wamo katika makundi yote mawili, lakini tafiti za wanasaikolojia wanaowafuatilia mafuri kwa muda mrefu zinaonyesha kwamba furi wa kawaida hajioni kuwa chini ya binadamu kamili.

Kundi la pili ni la vijana wanaokimbia na kuruka kwa mikono na miguu, mara nyingi wakiwa na barakoa na mikia ya kubandika, mchezo uliopata umaarufu kupitia TikTok katika miaka ya 2020. Asili ya mchezo huo ni mazoezi ya viungo. Mjapani Kenichi Ito aliingia katika vitabu vya rekodi mwaka 2008 kwa kukimbia mita 100 kwa miguu na mikono katika sekunde 18.58. Theriani anaweza kuupenda kwa sababu unampa mwili wake mwendo unaoafikiana na hisia zake, lakini mtoto anayeruka viunzi akiwa na barakoa ya paka huenda anacheza tu, kama watoto wachezavyo siku zote.

Mbele ya tabibu

Imani kwamba mtu amegeuka mnyama imo katika vitabu vya tiba tangu zamani. Paulo wa Aegina, tabibu wa karne ya 7 aliyefanya kazi Aleksandria, aliieleza kuwa aina ya huzuni kali inayowafanya wagonjwa wazurure usiku makaburini. Matabibu wa dunia ya Kiarabu nao waliijadili. Katika tiba ya leo hali hiyo huitwa likanthropia ya kitabibu, nayo huhesabiwa kuwa dalili ya ugonjwa mwingine, hasa skizofrenia, sonona kali na ugonjwa wa hisia zinazopanda na kushuka.

Ni dalili adimu. Mwaka 1988 madaktari wa hospitali ya McLean, Massachusetts, walitoa taarifa ya wagonjwa 12 waliowaona katika muda wa miaka 12. Mwaka 2014 daktari wa Uholanzi Jan Dirk Blom alipitia maandishi ya tiba tangu 1850 na kupata wagonjwa 56 walioamini wamegeuka mnyama, na kati yao 13 tu ndio walioamini wamegeuka mbwa mwitu.

Theriani hutofautiana na mgonjwa huyo katika mambo matatu. Mgonjwa anaamini mwili wake umegeuka, na akipewa kioo huona manyoya au meno. Theriani akipewa kioo humwona binadamu. Mgonjwa hawezi kuitazama imani yake kwa mbali wala kuitilia shaka. Theriani huijadili, huipima, na wakati mwingine huiacha. Tatu, imani ya mgonjwa huja na kusambaratika kwa mambo mengine: usingizi, kazi, usemi, usafi. Kujitambua kwa theriani kunaweza kukaa miongo kadhaa katika maisha ya mtu anayeajiriwa, anayelea watoto na kulipa kodi.

Katika miaka ya 2000 lilifanyika jaribio la kulipa jambo hili jina la kitabibu. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Kathleen Gerbasi na wenzake, baada ya kuwahoji mafuri waliohudhuria kongamano, walipendekeza kwamba huenda wachache miongoni mwao wana hali waliyoiita tatizo la utambulisho wa spishi, wakiiga mfano wa jina lililokuwa likitumiwa wakati huo kwa watu ambao jinsia wanayoihisi hailingani na mwili wao. Mwaka 2011 mtafiti Fiona Probyn-Rapsey aliukosoa mfano huo: walikuwa wamelijenga jina jipya juu ya jina ambalo lenyewe lilikuwa likibishaniwa. Mwaka 2013 mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani, toleo la tano, uliliondoa lile jina la kuigwa na kuweka mkazo juu ya dhiki anayoipata mtu badala ya utambulisho wenyewe. Tatizo la utambulisho wa spishi halikuingizwa katika mwongozo huo.

Utafiti uliowalenga matheriani wenyewe ulifanywa na Helen Clegg, Roz Collings na Elizabeth Roxburgh wa Chuo Kikuu cha Northampton, Uingereza, ukachapishwa mwaka 2019. Waliwalinganisha matheriani 112 na watu wengine 265. Matheriani walipata alama za juu zaidi katika vipimo vya usonji na vya mang'amuzi yasiyo ya kawaida, na uhusiano wao na watu wengine ulikuwa dhaifu zaidi. Hata hivyo, kwa jumla hawakuonekana kuwa watu ambao akili zao zimeshindwa kumudu maisha. Matokeo hayo hayasemi kipi kinazaa kipi. Inawezekana kwamba mtu anayeona vigumu kusoma nyuso na desturi za wenzake hupata katika mnyama lugha ya kuieleza tofauti yake. Inawezekana pia kwamba anayejitambua hivyo hujitenga kwa kuogopa kuchekwa.

Mkia hewa na kasuku wa Locke

Sehemu ya dai inayoonekana ya ajabu kuliko zote, ile ya kuhisi kiungo kisichokuwapo, ndiyo yenye maelezo mazuri zaidi ya kisayansi. Mwaka 1871 daktari Silas Weir Mitchell aliyewatibu majeruhi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani alikipa jina kiungo hewa: mguu uliokatwa ambao mwenyewe bado anauhisi ukiwasha na kuuma. Ubongo huchora ramani ya mwili, na ramani hiyo huweza kuwa na kitu ambacho mwili hauna.

Ramani hiyo pia hudanganyika upesi. Mwaka 1998 Matthew Botvinick na Jonathan Cohen walionyesha kwamba mkono wa mpira ukipapaswa mbele ya macho wakati uleule ambapo mkono halisi uliofichwa unapapaswa, mtu huanza kuuhisi ule wa mpira kuwa wake. Mwaka 2013 William Steptoe, Anthony Steed na Mel Slater wa London waliwapa watu mkia katika ulimwengu wa kompyuta. Wale ambao mkia wao uliitika mwendo wa nyonga waliuhisi kuwa sehemu ya mwili kuliko wale ambao mkia ulicheza ovyo. Majaribio haya hayathibitishi kwamba theriani ana mnyama ndani yake. Yanathibitisha kwamba mtu mwenye akili timamu anaweza kuhisi mkia, na kwamba hisia hiyo peke yake si dalili ya wazimu.

Kutoka hapo hadi kwenye nafsi kuna hatua ya kifalsafa. Mwaka 1694, katika toleo la pili la kitabu chake kikuu, Mwingereza John Locke aliongeza sura juu ya utambulisho, akatenganisha mambo mawili ambayo mazungumzo ya kila siku huyachanganya. Binadamu, alisema, ni mnyama wa umbo fulani. Nafsi ni kiumbe anayefikiri na kujijua kuwa ni yuleyule leo na jana. Ili kukazia tofauti hiyo alisimulia kisa cha kasuku wa Brazili aliyesemekana kujibu maswali ya mtawala mmoja kwa akili. Kasuku huyo akiwa kweli ana fikra, alihoji Locke, watu bado wangemwita kasuku mwenye fikra, si binadamu. Mantiki ya theriani inafuata mgawanyo huohuo kwa upande wa pili: mwili wa binadamu, nafsi isiyo ya kibinadamu kabisa.

Wapo wanafalsafa wanaoukataa mgawanyo huo. Mmarekani Eric Olson, katika kitabu cha mwaka 1997, alitetea hoja kwamba kila mmoja wetu si kitu kingine bali mnyama yule wa spishi ya Homo sapiens, na maisha ya kisaikolojia ni sifa yake tu. Kwa hoja hiyo hakuna nafasi ya mbwa mwitu ndani ya mtu, kuna mtu mwenye mawazo kuhusu mbwa mwitu.

Pingamizi zito zaidi, hata hivyo, linatokana na makala ya mwanafalsafa Thomas Nagel ya mwaka 1974 kuhusu popo. Popo huujua ulimwengu kwa mwangwi wa sauti yake, na Nagel alionyesha kwamba binadamu hata akijifunza kila kitu kuhusu ubongo wa popo, hatajua ulimwengu ukoje kwa popo mwenyewe. Anachoweza ni kuwaza yeye angekuwaje katika hali ya popo. Likitumiwa hapa, swali ni hili: theriani anajuaje kwamba anachokihisi ni cha mbwa mwitu? Hajawahi kuwa na hisia za mbwa mwitu zilizothibitishwa ili azilinganishe na zake. Kipimo chake ni vitabu, filamu na kuangalia wanyama.

Na vitabu hubadilika. Kwa miongo mingi watu wa Magharibi waliambiwa kwamba kundi la mbwa mwitu linatawaliwa na dume kinara anayepigania cheo, wazo lililotokana na uchunguzi wa Rudolf Schenkel, uliochapishwa mwaka 1947, juu ya mbwa mwitu waliofungiwa. Mwaka 1999 mtaalamu David Mech alionyesha kwamba kundi la porini kwa kawaida ni familia: baba, mama na watoto wao. Mnyama wa ndani aliyejengwa juu ya picha ya kwanza ni mnyama wa vitabu, hata kama hisia zilizomwita ni za kweli. Hilo pia linasaidia kueleza kwa nini mbwa mwitu na paka wakubwa hutajwa mara nyingi sana, ilhali kakakuona na panya-buku si kawaida kusikika. Wanyama wanaochaguliwa ni wale ambao utamaduni umekwisha kuwapa sauti.

Jamii zilizosema hivyo kabla

Sentensi inayomwita mtu mnyama si ngeni kwa wanaanthropolojia. Karl von den Steinen, aliyesafiri Brazili ya kati katika miaka ya 1880, aliandika mwaka 1894 kwamba wanaume wa Bororo walimwambia wao ni kasuku wekundu. Mfaransa Lucien Lévy-Bruhl alilichukua tamko hilo kuwa ushahidi wa fikra zisizojali mgongano. Mwaka 1977 Christopher Crocker, aliyeishi na Wabororo, alitoa maelezo tofauti. Kasuku hao walifugwa na wanawake, na mwanaume wa Kibororo akioa huhamia nyumba ya upande wa mke. Waliposema wao ni kasuku, wanaume hao walikuwa wakieleza kwa kejeli utegemezi wao kwa wanawake, pamoja na uhusiano wa ndege huyo na roho.

Miongoni mwa Wanuer wa Sudan Kusini, E. E. Evans-Pritchard aliandika mwaka 1956, pacha ni ndege. Hakuna Mnuer aliyefikiri kwamba pacha wana midomo na manyoya. Pacha huhesabiwa kuwa watoto wa Mungu, naye yuko juu, na ndege ni viumbe vya juu. Kwa hiyo pacha hupewa majina ya kanga na kwale, hawali ndege wala mayai, na pacha mchanga akifa hazikwi ardhini bali huwekwa kwenye panda la mti.

Kwa Wamaya wa Zinacantán, kusini mwa Meksiko, waliochunguzwa na Evon Vogt kuanzia mwaka 1957, kila mtu ana mnyama mwenza porini anayeshiriki naye roho moja. Mnyama akijeruhiwa, mtu huugua. Kwa Waganda, kila mtu hurithi kwa baba yake ukoo wenye mwiko wake, awe simba, chui, kambare-mamba au senene, na hamli mnyama huyo wala, kwa kawaida, haoi ndani ya ukoo huo. Hapa undugu na mnyama ni cheo cha kijamii, na hauhitaji hisia yoyote ya ndani. Muganda wa ukoo wa Nsenene asiyewahi kuhisi chochote kuhusu senene bado ni wa ukoo huo.

Pwani ya Waswahili ina mfano unaotofautiana na yote hayo. Mtu aliyepandwa na pepo huwa kiti chake. Akisema kwa sauti nyingine, mganga humuuliza jina, asili na anachotaka, kisha hupatana naye kwa ubani, nguo au ngoma. Kiti hubaki binadamu wakati wote, na maneno yaliyosemwa huhesabiwa kuwa ya pepo, si yake. Theriani kwa upande wake hana mgeni. Anasema mnyama huyo ni yeye, na kwa hiyo hakuna wa kuulizwa jina wala wa kupatanishwa naye.

Ipo pia mifano ya hofu. Katika eneo la Singida, mwishoni mwa miaka ya 1940, mfululizo wa mauaji yaliyofanana na ya simba ulihusishwa na watu simba, na serikali ya kikoloni ikawafikisha watu mahakamani. Katika nyanda za juu za Mueda, Msumbiji, mwanaanthropolojia Harry West aliwakuta Wamakonde wakizungumzia wachawi wanaotengeneza simba au kugeuka simba. Katika masimulizi hayo anayevuka mpaka wa spishi ni adui, na hajitangazi. Wengine ndio wanaomtaja.

Nani anathibitisha

Mifano hii ikipangwa pamoja, tofauti yao kubwa haimo katika ajabu ya dai bali katika chanzo cha uthibitisho. Pacha wa Kinuer ni ndege kwa sababu ya kuzaliwa kwake na kwa kauli ya jamii yote. Muganda ni wa senene kwa nasaba. Kiti huthibitishwa na mganga na watu wa ngomani. Mtu simba huthibitishwa na washtaki wake. Kwa wote hao, anayeulizwa ni jamii, na mhusika anaweza hata asiwe na maoni.

Theriani hana ukoo, mganga wala sherehe ya kumpa jina. Shahidi wake wa kwanza na wa mwisho ni yeye mwenyewe, na ndiyo maana kundi lake halikuweza kukua kabla ya mawasiliano ya kompyuta: watu wachache waliotawanyika katika nchi pana, kila mmoja akiwa na ushahidi wa ndani tu, walihitaji njia ya kupatana bila ya kuwa majirani. Ndiyo maana pia wakongwe wao husisitiza uchunguzi wa muda mrefu na huwakemea wanaodai miili yao hugeuka. Kanuni hizo zinafanya kazi ambayo kwingine hufanywa na wazee wa ukoo, ya kupambanua dai la kweli na la bandia, lakini hazina nguvu ya kuwalazimisha watu wa nje wazikubali.

Pengo hilo la uthibitisho limejazwa na siasa. Mwishoni mwa 2021 ulienea Marekani uvumi kwamba shule zinawawekea wanafunzi wanaojiita paka masanduku ya mchanga ya kujisaidia. Januari 2022 mkuu wa shule za Midland, Michigan, alieleza hadharani kwamba hakuna kitu kama hicho. Machi mwaka huo mjumbe wa bunge la Nebraska Bruce Bostelman aliurudia uvumi huo katika mjadala, kisha akaomba radhi baada ya kubainika si kweli. Nchini Urusi mwaka 2024 wanasiasa waliwageukia watoto wanaokimbia kwa mikono na miguu na kutaka wapigwe marufuku. Texas mwaka 2025 ulipelekwa bungeni mswada wa kuzuia tabia za kinyama shuleni, nao haukupita. Katika mijadala hiyo mafuri, matheriani na watoto wachezao hutiwa kapu moja, na dai linaloshambuliwa, yaani kudai haki za mnyama au kukataa wajibu wa mwanafunzi, silo dai wanalolitoa matheriani.

Kisheria, hakuna kinachobadilika. Haki za binadamu hutolewa kwa kila aliyezaliwa binadamu, na hazimtaki mtu aape kwamba nafsi yake yote ni ya kibinadamu. Theriani anapiga kura, anafunga ndoa na anashtakiwa kama wengine, na kosa alilolitenda wakati wa mhamo ni lake. Kwa mzazi, mwalimu au daktari anayekutana na kijana anayejieleza hivyo, vipimo vinavyofaa ni vilevile vinavyotumika kwa imani nyingine yoyote isiyo ya kawaida: je, anajua mwili wake ni wa binadamu, analala na kula, anasoma, ana watu anaosema nao, na anaweza kulizungumzia jambo hilo bila ya kutawaliwa nalo? Majibu yakiwa ndiyo, kilichopo ni utambulisho. Yakiwa siyo, kinachohitaji kutibiwa ni ile dhiki au ule ugonjwa, mnyama awe ametajwa au hakutajwa.